Gremlin si jini, wala si wa kale

Fundi akishindwa kuona hitilafu ya gari, hapa Nairobi utasikia: "Hii gari iko na jini." Juzi kijana mmoja wa gereji huko Industrial Area alinihakikishia kwamba jini huyo ndiye gremlin wa Wazungu, kiumbe wa ngano zao za kale. Udadisi wake ulinifurahisha, ila hapo amekosea mara mbili.

Gremlin ni wa juzi tu. Alizaliwa kwenye karne ya 20, midomoni mwa wanajeshi wa anga wa Uingereza. Injini ikizima angani bila sababu, walisema vijitu vidogo vimetafuna nyaya au vimekunywa petroli. Wengi hudhani mwandishi Roald Dahl ndiye aliyembuni, kwa kuwa kitabu chake cha 1943 kilimpa gremlin umaarufu. Sivyo. Dahl alijiunga na jeshi hilo mwaka 1939, tena hapa hapa Nairobi, akafunzwa urubani papa hapa. Masimulizi hayo aliyakuta yakizunguka miongoni mwa marubani.

Jini ni habari nyingine kabisa. Qurani inasema majini waliumbwa kwa moto, na sura nzima, ya 72, ina jina lao. Humo wenyewe wanasema kuwa miongoni mwao wamo wema na wasio wema. Kwa Mswahili wa Pwani hilo ni suala la imani, si utani wa karakana. Kwa hiyo anayetafsiri, namwomba amwache gremlin abaki gremlin.