DB9 si Vantage iliyoongezwa bei

Wapenzi wengi wa magari huamini kwamba V8 Vantage, gari la michezo la kampuni ya Uingereza Aston Martin lililotoka 2005, ni ya mwenye mfuko mfupi, na kwamba akipata fedha atapanda hadi DB9 ya 2004, ya kampuni hiyohiyo. Sivyo.

Zote mbili ziliundwa Gaydon, Uingereza, kwa chasisi ya alumini iliyoungwa kwa gundi, na gia boksi imewekwa nyuma ili uzito ugawanyike. Zinapotofautiana ni kwenye kazi. Vantage ina injini ya silinda 8, lita 4.3 na nguvu ya farasi 380, na kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni milimita 2,600, pungufu ya DB9 kwa 140. Kwenye kona za kufuatana ufupi huo unausikia mikononi: ukigusa usukani, pua imeshageuka. Mpenda kona akinunua DB9 kwa sababu tu ni ghali, kwa maoni yangu amejipunja.

DB9, yenye silinda 12 na farasi 450, huishinda Vantage kwenye barabara iliyonyooka, lakini ilikusudiwa safari ndefu, dereva ashuke bila mgongo kumuuma. Viti vyake vya nyuma? Weka mabegi, mtu mzima atakununia njia nzima.