Je, wajua kwa nini kivuli cha mwembe hulinda macho ya mtoto kuliko taa ya darasani?

Kengele ya mapumziko ikilia saa nne asubuhi, watazame watoto wanavyotoka mlangoni. Nyuso zinakunjamana, wengine wanaweka kiganja juu ya paji la uso, mboni zinasinyaa mpaka zinakuwa tundu dogo. Sekunde chache baadaye wameshazoea, wanakimbizana, na hakuna anayekumbuka kwamba mahali walipotoka, kwa kipimo, ni karibu na giza.

Mwanga unaoangukia mahali hupimwa kwa luksi. Darasa lenye taa nzuri lina luksi 300 hadi 500. Sebule yenye balbu moja usiku huwa chini zaidi ya hapo. Nje, siku ya mawingu, luksi hufika 10,000, na jua la utosini bila wingu hukaribia 100,000. Kivuli cha mwembe, kile tunachokikimbilia tupumzishe macho, bado kina maelfu ya luksi, mara nyingi zaidi ya mara kumi ya darasani. Sisi hatuioni tofauti hiyo kwa sababu jicho ni hodari wa kujirekebisha. Lakini jicho lenyewe linaijua, na kwa mtoto linaitumia kwa kazi moja kubwa: kujua ni wakati gani liache kukua.

Mtoto mchanga huzaliwa na jicho lenye urefu wa milimita 17 hivi kutoka mbele hadi nyuma. Akiwa mtu mzima hufika karibu milimita 24. Katika safari hiyo kuna hesabu ngumu inayofanyika bila sisi kujua. Konea na lenzi, zilizo mbele, hukusanya mwanga na kuuelekeza nyuma kwenye retina, ule utando unaopokea picha. Ili picha iwe safi, retina lazima iwe pale hasa miale inapokutana. Jicho likirefuka kupita kiasi, miale hukutana kabla ya kuifikia retina, na vitu vya mbali huonekana kama vimefunikwa na ukungu. Hiyo ndiyo miopia, hali ya kuona karibu vizuri na mbali vibaya. Milimita moja tu ya ziada inatosha kumpa mtu miwani ya kama dayopta 2.5 hadi 3, ile namba yenye alama ya kutoa unayoandikiwa na mpimaji macho.

Mtoto mwenyewe hasemi. Atasemaje, na yeye anadhani kila mtu anauona ubao hivyo hivyo? Anasogea dawati la mbele, anakodoa macho, ananakili kutoka kwa jirani, na asipobahatika kuwa na mwalimu mwangalifu, anaitwa mvivu au mzito wa kuelewa. Nalitaja hili mapema kwa sababu ndilo linalonifanya nilione jambo hili kuwa zito. Na miwani si mwisho wa habari: miopia ikiwa kali, retina huvutwa na kuwa nyembamba, na ukubwani mtu huwa katika hatari zaidi ya retina kubanduka na ya glakoma, ambayo wengi huiita presha ya macho.

Kwa miaka mingi lawama ziliangukia vitabu na urithi. Wazazi wenye miopia huzaa watoto wenye miopia, hilo ni kweli. Lakini mwaka 2008 watafiti walilinganisha watoto wa asili ya Kichina wenye umri wa miaka 6 na 7 katika miji miwili, Sydney na Singapore. Asili moja, umri mmoja, na wazazi wenye miopia kwa kiwango kinachokaribiana. Singapore, watoto 29 katika kila 100 walikuwa na miopia. Sydney walikuwa 3 tu. Ungetarajia wale wa Sydney wawe hawasomi. Kinyume chake, walisoma vitabu vingi zaidi kwa wiki. Kilichowatenganisha waziwazi ni saa za kukaa nje: wa Sydney karibu saa 14 kwa wiki, wa Singapore saa 3.

Hapo mtu angesema basi ni mazoezi, watoto wa Sydney wanacheza michezo. Data za Sydney zilijibu hilo pia. Michezo ya ndani ya ukumbi haikuleta kinga yoyote, ilhali kukaa nje kulileta, hata kwa mtoto asiyecheza kitu. Wengine walifikiria vitamini D, lakini ushahidi wake umebaki hafifu. Kidole kikazidi kuelekea kwenye mwanga wenyewe.

Sehemu inayonivutia kuliko zote ilitoka kwa vifaranga wa kuku. Kifaranga akifunikwa jicho kwa kifuniko cha ukungu kinachopitisha mwanga bila picha, jicho lake hurefuka haraka, kama vile linatafuta picha isiyopatikana. Mwaka 2009, watafiti katika mji wa Tübingen, Ujerumani, waliwaweka vifaranga wa namna hiyo kwenye mwanga wa luksi 15,000 kwa saa tano kila siku. Kurefuka kwa macho kulipungua kwa takriban asilimia 60. Kisha wakauliza kwa nini, na hapo wakaligusa jibu: waliwapa vifaranga dawa inayozuia kazi ya dopamini, na kinga ile ikatoweka.

Dopamini wengi tunaijua kama kemikali ya ubongo, ile inayotajwa watu wanapozungumzia furaha au uraibu. Kumbe retina nayo huitengeneza. Mwanga mkali ukiingia, seli fulani za retina humwaga dopamini nyingi zaidi, na inaelekea kemikali hiyo hupeleka ujumbe nyuma, tabaka kwa tabaka, hadi kwenye ukuta mweupe wa jicho: punguza kasi, umefika. Mtoto anayeshinda ndani, ujumbe huo humfikia kwa uchache, na jicho huendelea kukua likiwa halina wa kulizuia. Kuna wanasayansi wanaoongeza sababu nyingine, kwamba nje jicho hutazama mbali kwa muda mrefu, na mimi sioni sababu ya kuzigombanisha hizo mbili. Ukimtoa mtoto nje, anazipata zote kwa pamoja.

Jaribio lililofanyika Guangzhou, Uchina, ndilo lililonishawishi kabisa, maana lilifanyika kwa watoto halisi katika shule halisi. Shule 12 ziligawanywa kwa kura. Nusu ziliongeza dakika 40 za kuwa nje kila siku ya masomo, nusu ziliendelea kama kawaida. Baada ya miaka mitatu, kufikia matokeo yaliyochapishwa 2015, watoto waliopata miopia katika shule za kawaida walikuwa asilimia 39.5, na katika shule za dakika 40 walikuwa asilimia 30.4. Dakika arobaini! Muda wa kipindi kimoja cha somo. Taiwan ilikwenda mbali zaidi. Tangu 2010 shule zake za msingi zinahimizwa kuwapa watoto dakika 120 nje kila siku, na idadi ya wanafunzi wenye uoni hafifu, iliyokuwa ikipanda kwa miongo kadhaa, ikashuka kutoka asilimia 49.4 mwaka 2012 hadi 46.1 mwaka 2015. Ni kushuka kidogo, lakini ni kushuka kwa kitu kilichokuwa kikipanda tu.

Sasa, mwanga ukiwa na nguvu hivyo, kuna watakaosema basi tulitazame jua. Wamekuwepo kwa zaidi ya karne. William Bates, daktari wa macho wa New York, alitangaza mwaka 1920 kwamba uoni mbaya unatokana na kukaza macho, kwamba miwani inaweza kutupwa, na kwamba macho hunufaika kwa kuelekezwa kwenye jua. Mpaka leo mafundisho yake yanazunguka kwenye simu zetu kwa majina mapya, yakipewa sifa ya tiba asilia. Bates aliona kweli kwamba jua lina faida kwa macho. Njia aliyopendekeza ndiyo hatari. Mwanga wenye faida ni ule unaotuzunguka, unaorudi kutoka kwenye majani, mchanga, kuta na mawingu. Ukilitazama jua lenyewe, lenzi yako hukusanya miale yake kwenye nukta moja katikati ya retina, pale pale unapotumia kusomea na kutambua sura za watu, na kupaunguza. Retina haina mishipa ya maumivu. Huhisi kitu. Saa kadhaa baadaye unagundua doa katikati ya kila unachokitazama, na wakati mwingine doa hilo haliondoki. Ndiyo maana Septemba 1, 2016, jua lilipopatwa na kubaki pete kule Rujewa, Mbarali, watazamaji walihitaji miwani maalumu ya kupatwa kwa jua. Miwani ya kawaida ya jua haitoshi kwa kazi hiyo.

Chakula nacho kina kazi yake, ila si hii. Karoti, papai, maembe, mchicha, viazi lishe na mafuta ya mawese humpa mtu vitamini A, na bila vitamini A retina hushindwa kutengeneza rangi inayotuwezesha kuona gizani. Mtoto anayejigonga kwenye vitu jioni anahitaji kupelekwa hospitali mapema, kwa kuwa upungufu huo ukizidi huharibu konea na kupofusha. Lakini karoti hazifupishi jicho lililokwisha kurefuka. Na kuhusu kudondoshea macho asali, maziwa ya mama, mkojo au maji ya majani, naomba kwa dhati tuache. Konea yenye kidonda ikiingiwa na vijidudu huweza kuacha kovu jeupe, na kovu hilo hudumu maisha yote.

Kwetu Afrika Mashariki miopia bado ni chache tukijilinganisha na Asia. Uchunguzi wa wanafunzi zaidi ya 2,500 wa sekondari jijini Mwanza, uliochapishwa 2002, ulikuta wenye miopia ni kama asilimia 5.6, wengi wao bila miwani. Tuna jua mwaka mzima na mchana wa karibu saa 12. Wenzetu wa nchi za baridi wamepima na kukuta macho ya watoto wao hurefuka kwa kasi zaidi majira ya baridi kuliko ya kiangazi. Sisi hatuna majira hayo, ila tunajitengenezea ya kwetu. Mtoto wa mjini anaamka alfajiri, basi la shule linamchukua kabla ya mapambazuko, anakaa darasani, halafu tuisheni, halafu simu ya mama sebuleni. Wa bweni anamaliza siku kwa prepo. Jua linawaka siku nzima juu ya bati, naye hakulipata.

Wanaolenga kinga wengi hutaja saa mbili nje kwa siku, zikijumlishwa: njia ya kwenda shule kwa miguu, mapumziko, kutumwa dukani, mpira wa jioni. Si lazima iwe jua la utosini. Asubuhi na alasiri kuna mwanga tele, na kofia haiondoi faida, kwa kuwa mwanga wa pembeni bado huingia. Jua kali la miaka mingi bila kinga lina madhara yake: huchangia mtoto wa jicho na kile kinyama kinachotambaa kutoka pembeni ya jicho, wanachokijua sana wavuvi na wakulima. Watoto wenye ualbino wana hesabu tofauti kabisa. Kwao mwanga mkali huumiza, retina yao haina rangi ya kutosha kuukinga, na wanahitaji kofia pana, miwani ya rangi na kliniki ya macho, na dawati la mbele.

Kinga hii hufanya kazi zaidi kabla miopia haijaanza. Kwa mtoto ambaye jicho limesharefuka, kukaa nje hakulirudishi, na hata kulipunguzia kasi hakuonekani wazi. Huyo anahitaji kupimwa na kupewa miwani sahihi, na si kweli kwamba miwani itayazoesha macho uvivu. Dalili za kuangalia ni kukodoa macho, kusogelea televisheni, kuinamia daftari mpaka pua iliguse, na alama zinazoshuka ghafla kwenye masomo ya ubaoni.

Uchina walijaribu pia kujenga darasa lenye kuta na paa la kioo, ili mwanga ndani ukaribie wa nje. Kwetu joto lake lingewapika watoto. Lakini shule zetu nyingi za zamani zina kitu chepesi zaidi: madirisha mapana pande zote mbili, kuta zilizopakwa chokaa, na mwembe uwanjani wenye benchi chini yake. Mwalimu anayewatoa watoto kusoma hadithi pale kwa kipindi kimoja amewapa zile dakika 40.