Ndoa ya pili ikiwa batili, matunzo nayo yanakufa?

Hii stori inazunguka Bongo miaka na miaka: mwanaume kafunga ndoa kanisani, akaenda tena bomani akafunga na mwingine aliyeambiwa jamaa ni bachela, siku ikibumbuluka watu wanamwambia yule dada wa pili "ndoa yenyewe feki, beba mabegi, huna cha kudai".

Nusu ni kweli. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 15, aliye kwenye ndoa ya mke mmoja haruhusiwi kuoa tena, kwahiyo ile ya pili ni batili na hata muishi miaka ishirini haigeuki kuwa halali.

Ila watu wanaishia hapo, wakati kifungu cha 160 kinaendelea: mkiwa mmeishi miaka 2 au zaidi watu wakiwajua kama mke na mume, halafu mahakama ikakuta hamkuwa na ndoa, mwanamke bado anaweza kuomba matunzo yake na ya watoto. Kuomba lakini, sio kupewa moja kwa moja, na wa kushawishika ni hakimu sio mashoga zako. Kwahiyo tunza vitu, mkataba wa pango wenye majina yenu wote, meseji za M-Pesa za hela ya matumizi, mama mwenye nyumba naye akaseme alichokiona.

Mke wa kanisani naye hapotezi kitu, mume bado anatakiwa kumtunza, kifungu cha 63.