Ukisoma mbio, kiambishi ndicho kinachokuponyoka

Pitisha macho hapa kama unavyosoma ujumbe wa WhatsApp: "Mpangaji asipotoa notisi ya mwezi mmoja, amana haitarudishwa." Sasa weka "akitoa" badala ya "asipotoa". Mkataba umegeuka kabisa, na kilichobadilika ni silabi chache tu. Kiswahili hubeba ukanushaji, wakati na sharti ndani ya neno lenyewe, kwa hiyo ninaamini kusoma kwa kurukaruka hutugharimu sana.

Jicho halitelezi juu ya mstari. Huruka, hutua kwa takriban robo sekunde, kisha huruka tena. Maana ikikwama, hurudi nyuma. Huko kurudi ndiko mtandao unakotunyima. Mwaka 2006 Jakob Nielsen, mtafiti wa matumizi ya wavuti, alifuatilia macho ya watu 232 wakisoma kurasa za wavuti: wengi walisoma mistari ya juu, kisha wakateremka ukingo wa kushoto, mfano wa herufi F. Kiambishi cha katikati ya mstari wa tisa hakina atakayekiona.

Haraka huongeza tatizo. Uchambuzi wa mwaka 2018 uliojumlisha tafiti 54 ulionyesha kwamba maandishi ya maelezo hueleweka vizuri zaidi kwenye karatasi kuliko kwenye skrini, na pengo hupanuka muda ukibana. Kwa hadithi, pengo halikuonekana. Basi riwaya isome kwenye simu ukiwa umekwama kwenye foleni ya Thika Road, lakini usisome ripoti huku bando la saa moja likiyoyoma. Tumia bando kupakua, zima data, ndipo uanze. Kama ni kurasa kumi za mkataba au sera, zichapishe saiba.

Ukilazimika kutumia simu, epuka PDF inayokufanya uivute kushoto na kulia, maana kila ukiivuta jicho hupoteza mstari. Ilaze simu, kuza herufi, ongeza nafasi kati ya mistari.

Kosa ninaloliona kubwa kuliko yote ni kutafuta maana ya neno papo hapo. Akili hushikilia mambo kama manne tu kwa wakati mmoja. Ukifungua ukurasa mwingine, hoja uliyokuwa ukiijenga ndiyo ya kwanza kuanguka. Weka karatasi kando, andika neno hilo, endelea. Utalitafuta mwishoni.

Kila sehemu ikiisha, funga maandishi uandike sentensi tatu kutoka kichwani. Katika jaribio la wanasaikolojia Roediger na Karpicke la mwaka 2006, waliosoma kipindi kimoja na kujikumbusha vipindi vitatu walikumbuka asilimia 61 baada ya wiki. Waliosoma vipindi vyote vinne, asilimia 40. Kupaka rangi mistari hakufanyi kazi hiyo, hukupa tu hisia kwamba umeelewa.

Anza na dakika 15, uongeze 5 kila wiki. Saa nzima siku ya kwanza huwashinda wengi. Nyumbani kukiwa na kelele, meza za Maktaba ya McMillan, Banda Street, Nairobi, zinafaa. Simu ibaki ndani ya mkoba, si juu ya meza. Mawazo yakitoroka, usirudie ukurasa wote: rudi kwenye aya ya mwisho unayoweza kuieleza kwa maneno yako, uendelee kutoka hapo.