Mlango wa Nakshi Unalindwa Hata Ukishang'olewa Ukutani

Unapobomoa au kukarabati nyumba ya mawe Lamu, fika ofisi ya uhifadhi kabla hujamwita mnunuzi. Mlango au fremu iliyonakshiwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya 1946 inalindwa na Sheria ya Makavazi na Turathi ya Kitaifa ya Kenya ya mwaka 2006. Hoja ya "ni mlango wa babu yangu" haibadilishi kitu. Ni wako, ila sheria huangalia umri na nakshi. Mlango uliolazwa uani chini ya turubali ni ule ule, na kuutoa nchini bila kibali ni kosa la jinai.

Ombi la kibali liandamane na picha za mlango ukiwa bado ukutani, mbele na nyuma, pamoja na vipimo, mahali nyumba ilipo, jina la mwenye mali na mahali mlango unapokwenda. Picha za vipande vilivyorundikwa hazisaidii ofisi: hazionyeshi kipi kilikaa wapi.

Uharibifu mwingi hutokea siku ya kung'oa. Fundi mwenye haraka hukata miimo, yaani nguzo za pembeni za fremu, kwa msumeno karibu na kizingiti cha chini. Ulimi, ile ncha ya mwimo iliyochomekwa, hubaki ndani ya kizingiti, fremu hupungua kimo, na mlango haufungi tena. Milango hii haina bawaba: kila ubao huzunguka kwa ncha zake zinazoingia kwenye matundu ya vizingiti, juu na chini. Basi bomoa chokaa na mawe ya pembeni kwanza, fremu itoke nzima. Ikibidi kuitenganisha, gonga vigingi vya mbao vitoke na utie namba nyuma ya kila kipande, pia mfaa, ile nguzo ya katikati ya mlango. Tafadhali, msitumie mashine ya kusaga kuondoa rangi; inakula nakshi.

Boriti za mikoko nazo zinafaa kutumika tena. Dunga ncha zake kwa bisibisi, kwani sehemu iliyozikwa ukutani hunyonya unyevu na ndiyo huoza kwanza. Ikizama kirahisi, kata hadi ufikie mti mgumu. Boriti itakuwa fupi, kwa hiyo ipeleke kwenye chumba chembamba au ukumbi mdogo, usiiunge. Ishikize kwa chokaa na mchanga. Saruji hufungia unyevu kwenye ncha, na boriti huoza upya pale pale.