Umefuta Windows, mbona Ubuntu bado imejaa?

Huyu ni wa tatu wiki hii. "Fundi, nimeifuta Windows yote, mbona Ubuntu bado inalalamika diski imejaa?" Ndugu yangu, mpangaji wa chumba cha pili akihama, ukuta wa chumba chako hausogei wenyewe. Ubuntu na Windows ni mifumo miwili iliyogawana diski moja; ulichopata ni kiwanja kitupu, na Ubuntu haina habari nacho. Andika lsblk, amri inayoonyesha diski ilivyogawanywa, uone.

Hilo ni jepesi. Kinachonichefua ni wale wanaomjibu, "Fungua GParted (programu ya kugawa diski), ivute tu." Aivute kuelekea wapi? Laptopu yake ilikuja na Windows. Mwanzoni mwa diski kuna patisheni (kipande cha diski) ya EFI, yenye faili za kuwashia mashine, mara nyingi megabaiti 100, kisha kajisehemu ka Microsoft ka megabaiti 16, kisha C, yaani Windows yenyewe. Alipoweka Ubuntu aliikata C mkiani, Ubuntu ikakaa nyuma yake. Kwa hiyo nafasi iliyoachwa iko kushoto kwa Ubuntu, na kulia mara nyingi kumezibwa na patisheni ya kurejesha Windows.

Ext4, mpangilio wa faili ambao Ubuntu huutumia, hurefuka kwenda kulia hata mashine ikiwa kazini: ukishaongeza patisheni, amri ya resize2fs inamaliza kwa sekunde chache. Kwenda kushoto ni habari nyingine kabisa. Mwanzo wa patisheni unasogea, kwa hiyo data yote inakokotwa kipande kwa kipande kutoka ilipokuwa. Huko si kupanua chumba, ni kuhama na vyombo vyote. Tena huwezi kuuhamisha mfumo unaoutumia, lazima uwashe kwa flashi. Umeme ukikatika katikati na betri ya laptopu ilishakufa, nusu ya data iko kwake na nusu iko njiani.

Nimeshafanya hivyo mara nyingi na haijawahi kuniharibikia. Bado tumbo hunikata kila ninapobonyeza, na sina hakika kama huo ni uzoefu au woga tu. Wenzangu hunicheka.

Ndiyo maana sihamishi nikiweza kukwepa. Kile kiwanja nakifomati ext4, nakiandika kwenye fstab (orodha ya patisheni za kufunguliwa mashine ikiwaka) kwa UUID, namba yake ya utambulisho, nahamishia humo video na mashine pepe. Mwenye btrfs, mpangilio mwingine wa faili ambao Fedora ya mezani, Linux nyingine, inautumia tangu toleo la 33, ana raha zake: btrfs device add, kiwanja kinaungana na vilivyopo. Mwenye LVM, njia ya kuunganisha patisheni kadhaa ziwe hodhi moja, naye anayo vgextend.

Halafu kuna wanaofuta na ile EFI "kwa sababu nayo ni ya Windows". Jamani! GRUB yako, programu inayoiwasha Ubuntu, inalala humohumo. Futa folda ya Microsoft iliyo ndani yake, ondoa jina lake kwenye orodha ya kuwashia kwa amri ya efibootmgr, endesha update-grub, basi. Na kama C ilikuwa kwenye fstab, toa huo mstari, la sivyo mashine itasubiri sekunde 90 kisha ikutupe kwenye hali ya dharura.

Yule wa tatu nilimwomba anitumie majibu ya df na du, amri za kuonyesha nani amekula nafasi, kabla hatujagusa chochote. Gigabaiti 41 zilikuwa za Docker, programu ya kuendesha programu nyingine ndani ya vifurushi viitwavyo imeji, nazo zilikuwa za zamani ambazo yeye mwenyewe hata hazikumbuki. Tukazisafisha kwa amri moja, Ubuntu ikapumua. Windows yenyewe alishaifuta jana yake, pamoja na picha za harusi ya dada yake.