Kibarua Ni Barua Ndogo: Kuhifadhi Historia ya Wafanyakazi Kidijitali

Lichambue neno kibarua, utaikuta barua ndani yake: kijikaratasi cha kuonyesha kwamba fulani ameitwa kazini leo, ambacho jina lake baadaye lilimhamia mwenye kukishika. Manamba naye, yule aliyesafirishwa kutoka mbali kuja kukata mkonge, ameitwa kwa namba aliyoandikiwa. Sisi watu wa nyaraka hatuchoki kulisema hili: wafanyakazi wa upande huu wa Afrika wamepewa majina ya karatasi zao, halafu karatasi zenyewe tukazifungia maandazi.

Wanaokuja kutuuliza habari za kumbukumbu ya kidijitali huanza na skana. Ni ya aina gani, inauzwa wapi, inamaliza kurasa ngapi kwa saa. Skana ndiyo sehemu nyepesi. Kazi nzito inaanza picha ikishapigwa, pale mtu anapokaa na kuandika hiki ni nini, cha nani, cha lini, na wenyewe walikiitaje.

Chukua kipande. Mtu wa Nairobi na mtu wa Korogwe wakilitaja neno hilo, kila mmoja anazungumzia kitu chake. Nchini Kenya kilikuwa cheti cha usajili ambacho mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na kuendelea alilazimishwa kutembea nacho tangu mfumo huo ulipoanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kilikunjwa, kikatiwa ndani ya kijaluba cha bati, kikaning'inizwa shingoni. Kilikuwa na jina, kabila, alama za vidole, tarehe ya kuajiriwa, mshahara, na saini ya mwajiri siku ya kumwachia mtu wake. Aliyeondoka bila saini hiyo alihesabiwa mtoro na angeweza kufungwa. Katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika, kipande kilikuwa kadi ya kazi ya siku 30. Kila siku uliyomaliza kazi yako iliwekewa alama, na malipo yalitoka kadi ikijaa, hata kama mwezi ulikwisha zamani. Ukiugua wiki nzima, siku ya mshahara inasogea wiki nzima.

Sasa mweke kijana asiyejua tofauti hiyo mbele ya kompyuta, apige picha kadi zote alizopewa na kuziandikia neno moja: kipande. Picha zitatoka safi, herufi zinasomeka hadi ya mwisho, na atakayekuja kutafiti atachanganya polisi wa njiani na karani wa mishahara.

Lugha ya maelezo ina shida yake pia. Faili za serikali ya kikoloni ziliandikwa kwa Kiingereza, na orodha zake mpaka leo ziko hivyo. Mjukuu wa mkata mkonge aliyeko Muheza hatafuti maneno ya afisa wa kazi; anaandika manamba, nyapara, kambi, au SILABU, ile ofisi ya wenye mashamba ya kuajiri watu kutoka mikoani, iliyoanzishwa 1944. Kama maneno hayo hayamo kwenye maelezo, kompyuta itamjibu kwamba hakuna kitu, na ataamini. Kwetu kila waraka hupewa maneno ya Kiswahili ya wahusika wenyewe, hata yale yasiyo mazuri masikioni.

Majina ya vyama vya wafanyakazi nayo yanataka uangalifu. TFL, shirikisho la vyama vya wafanyakazi wa Tanganyika lililoundwa mwaka 1955 na kuongozwa na Rashidi Kawawa akiwa katibu mkuu wake, lilivunjwa mwaka 1964 baada ya maasi ya jeshi. Ikaja NUTA. Mwaka 1978 ikaja JUWATA, na mwaka 1991 OTTU. Mwanachama aliyejiunga kijana na kustaafu mzee anaweza kuwa na kadi za majina matatu tofauti akiwa hajahama hata dawati. Asiyeunganisha majina hayo katika orodha yake anamkata mtu huyo vipande vitatu.

Halafu lipo swali la nani aliyeandika. Tarehe 13 Januari 1947 Mombasa ilisimama. Watu wapatao 15,000, makuli wa bandarini, wa reli, wa hoteli na wa majumbani, waligoma kwa siku 12, wakikutana kwenye uwanja walioupa umaarufu, Kiembeni. Chama chao, African Workers' Federation, kiliongozwa na Chege Kibachia, aliyekamatwa Agosti mwaka huohuo na kupelekwa kizuizini Baringo. Hotuba za uwanjani zilitolewa kwa mdomo, ila sehemu kubwa ya tunachokisoma leo imetoka kwenye kalamu za upande uliotaka mgomo uishe: maafisa, polisi, waajiri. Karatasi hizo hazina budi kuhifadhiwa. Ila maelezo yake lazima yaseme wazi kwamba mwandishi alikuwa afisa wa polisi, la sivyo miaka 50 ijayo maneno yake yatasomwa kana kwamba yametoka Kiembeni kwenyewe.

Ndiyo maana mtu kama Makhan Singh ni bahati kwetu. Huyu alikulia katika kazi ya uchapaji wa baba yake Nairobi, akaongoza chama cha wafanyakazi kilichofungua mlango kwa watu wa rangi zote tangu miaka ya 1930, na akawa na tabia ambayo viongozi wengi hawana: hatupi karatasi. Alikamatwa Mei 1950, siku moja kabla ya mgomo mkuu wa Nairobi, na akabaki kizuizini hadi 1961. Alipotoka aliandika historia ya vyama vya wafanyakazi vya Kenya iliyochapishwa 1969, na nyaraka zake ziko Chuo Kikuu cha Nairobi. Kinyume chake ni zile faili ambazo Waingereza waliondoka nazo uhuru ulipokaribia. Mwaka 2011, wakati wazee wa Mau Mau walipokuwa mahakamani London, serikali ya Uingereza ilikiri kwamba ilikuwa imezificha maelfu ya faili za makoloni yake 37. Leo zinasomwa Kew, London, kwenye hifadhi ya nyaraka ya taifa la Uingereza, kwa mwenye nauli.

Lakini karatasi nyingi zilizopotea hazikwenda Kew. Zimeliwa na mchwa hapahapa. Mwaka juzi tuliitwa kwenye tawi la chama kimoja lililokuwa likihama jengo. Stoo ilikuwa na mabango ya Mei Mosi yaliyoviringishwa, feni mbovu, na chini kabisa madaftari ya ada, ya chini yao yakiwa yameshageuka udongo. Tulipofungua moja lililopona tukakuta majina kwa wino wa bluu, alama za dole gumba za zambarau, na mbele ya majina 23 msalaba mwekundu wa penseli. Mwenzangu akaanza kuandika: marehemu.

Alikuwepo mama mmoja mhudumu mstaafu, ameletwa kutuonyesha funguo. "Shikamoo mama, hii misalaba ni ya waliofariki?" Akacheka. "Marahaba wanangu. Wafe wote mwezi mmoja? Hao walikatwa ada mara mbili, karani akawatia alama wadai chao. Huyu hapa wa nne ni jirani yangu, jana nimemwacha barazani." Tungeua watu 23 kwa kibodi. Tangu siku hiyo hatuanzi kupiga picha kabla ya kumkalisha mtu wa pale, tukaweka kinasa sauti mezani, tukafungua ukurasa mmoja mmoja. Sauti yake inahifadhiwa pamoja na daftari, zikiwa zimefungamanishwa kwa namba moja.

Sauti hiyo, na zile za kanda za kaseti wanazotuletea wastaafu, ina gharama yake. Kaseti ya dakika 90 huchukua dakika 90 kuihamisha. Haina njia ya mkato. Tukirekodi kwa kiwango cha kuhifadhi, bila kuibana, saa moja hula takriban gigabaiti moja. Ukurasa wa A4 wa rangi kwa nukta 300 kwa inchi ni kama megabaiti 26 usipobanwa, kwa hiyo daftari la kurasa 200 linazidi gigabaiti tano. Nakala hiyo nzito haiguswi. Inayowekwa mtandaoni ni nyepesi, iliyotolewa kutoka kwenye ile. Tunaweka nakala tatu, moja ikiwa mji mwingine, na kila faili hupewa hesabu ya uthibitisho, mfuatano wa herufi na tarakimu unaobadilika faili likiharibika hata chembe. Kompyuta hurudia hesabu hiyo kila baada ya muda. Isipolingana, tunajua diski imeanza kuoza kabla jicho halijaona.

Na si kila kilichohifadhiwa kinafunguliwa kwa wote. Daftari la ada lina alama za vidole, madeni, wakati mwingine ugonjwa. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019, Tanzania ya 2022, na jirani wa yule mama bado yuko barazani. Daftari lile linasomwa ofisini kwetu tu, kwa kuomba.

Kama nyumbani kuna kadi ya babu au picha ya mgomo, usiipige lamineshini, maana joto na gundi vitaimaliza. Usiunge kwa selotepu. Toa stepla zilizoshika kutu, weka kwenye bahasha ya karatasi mbali na sakafu, na nyuma ya picha andika majina ya waliomo kwa penseli laini. Ipige picha mchana karibu na dirisha, pande zote mbili. Upande wa nyuma ndiko kwenye deni la unga na mahindi.

Mwezi uliopita alikuja kijana wa bodaboda aliyekuwa akipata wateja kupitia programu ya simu. Safari zake zote za miaka mitatu zilikuwa ndani ya akaunti. Ilipofungwa, zikaenda nayo. Alichobaki nacho ni picha 41 za kioo cha simu alizokuwa akimtumia mkewe jioni, kumwonyesha kwa nini leo pesa ni ndogo. Tulizipokea moja moja, tukamuuliza tarehe na mtaa. Tulipofika kwenye nafasi ya aina ya kazi, mwenzangu aliandika dereva. Kijana akatikisa kichwa, akaivuta kibodi mwenyewe, akaandika: deiwaka.